Michezo ya Kompyuta na Utambuzi wa Wanafunzi Wenye Vipawa: Fursa kwa Kilwa na Pwani ya Lindi

Kila mwaka ifikapo mwezi Septemba, wanafunzi wa Darasa la Saba nchini hufanya Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Matokeo yake ndiyo yanayofungua mlango wa shule za sekondari za vipaji maalumu: Ilboru mkoani Arusha, Kibaha mkoani Pwani, Mzumbe na Kilakala mkoani Morogoro, Msalato mkoani Dodoma, pamoja na Tabora Wavulana na Tabora Wasichana. Kwa mtoto wa Songosongo, Somanga, Kipatimu au Mchinga, safari ya kufika katika shule hizo huanzia kwenye alama za siku chache za mtihani.

Utaratibu huo una faida kubwa. Ni wa wazi, ni wa taifa zima, na haumuulizi mtoto jina la baba yake. Hata hivyo, mtihani hupima kwanza kile ambacho mwanafunzi amefundishwa na kukishika. Mtoto aliyekosa masomo kwa sababu ya umbali, msimu wa shamba au kazi za nyumbani anaweza kuwa na akili kali ya hesabu na bado asionekane katika orodha ya waliochaguliwa. Tena mtihani huja mwishoni mwa elimu ya msingi, wakati miaka ambayo kipawa kingeweza kulelewa imekwisha kupita.

Wataalamu wa elimu katika nchi mbalimbali wamekuwa wakitafuta njia za kumtambua mtoto wa aina hiyo mapema zaidi. Mojawapo ya njia hizo ni michezo ya kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya kujifunza. Makala haya yanaeleza namna michezo hiyo inavyofanya kazi, uzoefu uliopatikana Tanzania na kwingineko, na mambo yanayopaswa kuzingatiwa ili iwe na manufaa kwa shule za Kilwa na pwani ya Lindi.

Maana ya kipawa na kipaji

Katika mazungumzo ya kila siku maneno "kipawa" na "kipaji" hutumika kwa maana moja. Katika elimu, kutofautisha maana mbili zinazojificha ndani yake kuna faida. Mwanasaikolojia wa Kanada, Françoys Gagné, alipendekeza miaka ya 1980 kwamba uwezo wa asili alionao mtoto utenganishwe na umahiri unaopatikana baada ya uwezo huo kulelewa kwa mafunzo, mazoezi na mazingira mazuri. Kiswahili kinaibeba tofauti hiyo vizuri. Kipawa kinatokana na kupawa, yaani kupewa. Ni kitu ambacho mtoto hakukitafuta. Umahiri ni kile kinachofuata endapo aliyepawa atapata mtu wa kumwongoza.

Kwa mtazamo huo, kuwatambua wenye vipawa hakuna maana ya kuwatafuta watoto ambao tayari wanafanya vizuri darasani. Hao wameshaonekana. Kazi ngumu ni kumwona yule ambaye uwezo wake haujapata nafasi ya kugeuka kuwa alama: mtoto anayekaa kimya kwa sababu Kiswahili cha darasani si lugha aliyoizoea nyumbani, mtoto wa kike anayefika shuleni akiwa amechoka kwa kazi za alfajiri, au mtoto mwenye ulemavu ambaye vitabu vilivyopo havikuandaliwa kwa ajili yake.

Bao, shule ya kwanza ya pwani

Wazo la kupima akili kwa mchezo si geni katika pwani ya Afrika Mashariki. Mchezo wa bao una ubao wenye mashimo 32 yaliyopangwa katika safu 4 za mashimo 8, na kete 64 zinazogawanywa sawasawa kwa wachezaji wawili. Katika bao la Kiswahili, kila mchezaji huanza na kete 10 zikiwa ubaoni na kete 22 zikiwa mkononi. Hatua ya kwanza, inayoitwa namua, huendelea hadi kete za mkononi zitakapokwisha. Ndipo huanza hatua ya mtaji, ambapo wachezaji hutumia kete zilizomo ubaoni peke yake.

Ugumu wa bao uko katika kuhesabu kwa macho na kichwa. Kete zikisambazwa na ya mwisho ikaangukia mahali fulani, mchezo huendelea, na hali ya ubao mzima hubadilika mara moja. Mchezaji mahiri hulazimika kuuona ubao utakavyokuwa baada ya mizunguko kadhaa kabla hajagusa kete hata moja. Mtafiti wa Uholanzi, Alexander de Voogt, aliwachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar na mwaka 1995 akawasilisha katika Chuo Kikuu cha Leiden tasnifu kuhusu umahiri wao. Uchunguzi huo uliuchukulia mchezo wa barazani kuwa dirisha la kutazamia kumbukumbu na uwezo wa kukokotoa wa binadamu.

Wazee wanaocheza bao hawahitaji cheti ili kujua kijana yupi ana kichwa chepesi. Humtambua kwa mambo matatu: anavyojifunza kanuni kwa haraka, anavyobadili mbinu baada ya kuliwa kete, na anavyovumilia kufungwa bila kuondoka ubaoni. Mambo hayo matatu ndiyo hasa ambayo mchezo wa kompyuta ulioandaliwa kwa ajili ya elimu huyaandika na kuyahifadhi.

Jinsi mchezo unavyopima

Karatasi ya mtihani humwonesha msahihishaji jibu la mwisho. Mchezo wa kompyuta huhifadhi njia nzima. Kila mguso wa kioo huacha alama: mtoto alianza na jaribio gani, alikosea wapi, alitumia muda gani kabla ya kubadili mbinu, na alifanya nini alipopewa jambo ambalo hakuwahi kuliona. Kutokana na kumbukumbu hizo mwalimu anaweza kusoma kasi ya kujifunza ya mwanafunzi mbali na kiasi cha maarifa alichokuja nacho.

Profesa Valerie Shute wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Marekani, ni miongoni mwa walioiendeleza mbinu hii ya upimaji unaofanyika ndani ya mchezo bila kumkatiza mchezaji. Katika mchezo uitwao Physics Playground, ambao yeye na wenzake waliutumia, mwanafunzi hupewa mpira wa kijani unaopaswa kufika kwenye puto jekundu. Hapewi maswali ya kuchagua. Huchora kwa mstari mteremko, wenzo, pendulamu au ubao wa kurushia, na vitu alivyochora huanza kutii kanuni za mwendo na uzito. Mtoto anayeona wavuvi wakiivuta mashua nchi kavu kwa magogo, au wakiipandisha foromali kwa kamba na kapi, huenda ameshazielewa kanuni hizo kwa mikono kabla hajazisoma kitabuni. Mchezo wa namna hiyo humpa nafasi ya kuonesha anachokijua hata kama hajui kukiandika.

Jambo la pili ni dari ya kipimo. Mtihani wa darasa una mwisho wake: wanafunzi 5 wanaopata alama zote huonekana kuwa sawa, ilhali mmoja wao anaweza kuwa mbele ya wenzake kwa miaka kadhaa. Profesa Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alilikabili tatizo hilo kuanzia mwaka 1971, alipowapa watoto wa miaka 12 na 13 mtihani uliotungwa kwa ajili ya vijana wanaoomba kuingia vyuo vikuu. Watoto walioonekana kulingana katika mitihani ya darasa lao walitawanyika mbali katika mtihani huo mgumu. Mchezo wa kompyuta hufanya kazi hiyo kwa upole zaidi, kwa kuwa ngazi zake hupanda kadiri mchezaji anavyofaulu. Anayeweza huendelea, na anayekwama hurudishwa kwenye mazoezi bila kuaibishwa mbele ya darasa.

Jambo la tatu ni kumpima kila mtoto. Katika Kaunti ya Broward, jimboni Florida, wanafunzi walikuwa wakiingizwa katika mpango wa wenye vipawa baada ya kupendekezwa na walimu au wazazi. Mwaka 2005 utaratibu huo ulibadilishwa na wanafunzi wote wa darasa la pili wakapewa kipimo cha awali kisichotegemea sana lugha. Wanauchumi David Card na Laura Giuliano, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walionesha kwamba idadi ya watoto wa familia maskini na wa jamii za wachache waliotambuliwa iliongezeka sana, bila kigezo cha kufaulu kushushwa. Watoto hao walikuwepo miaka yote; hakukuwa na mtu wa kuwapendekeza.

Funzo kutoka Tanga

Tanzania ina uzoefu wake katika eneo hili. Kati ya mwishoni mwa mwaka 2017 na mwanzoni mwa mwaka 2019, mkoa wa Tanga ulikuwa uwanja wa majaribio wa shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE. Majaribio hayo yalifanyika kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) na Mpango wa Chakula Duniani (WFP). Karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo na michezo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Vituo vya kuchaji kwa nishati ya jua vilijengwa vijijini.

Takwimu za waandaaji zinaonesha hali ilivyokuwa. Kabla ya majaribio, asilimia 74 ya watoto hao walieleza kuwa hawakuwahi kuhudhuria shule, asilimia 80 hawakuwahi kusomewa kitabu nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 zawadi ya dola za Marekani milioni 10 iligawanywa kati ya washindi wawili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, na programu za timu zote 5 zilizofika fainali zikaachwa huru ili mtu yeyote azitumie na kuziboresha.

Lengo la Tanga lilikuwa kufundisha stadi za msingi, na halikuwa kuwatafuta wenye vipawa. Hata hivyo, funzo lake linagusa moja kwa moja suala hili. Watoto ambao hawakuwa katika rejesta ya darasa, na ambao kwa hiyo wasingefika kwenye mtihani wowote, waliweza kujifunza kwa kucheza. Ikiwa nusu ya tatizo iliondoka kwa kifaa na michezo mizuri ya Kiswahili, ni dhahiri kwamba ukimya wa watoto hao haukuwa ushahidi wa kukosa uwezo.

Nchini Malawi, utafiti wa Profesa Nicola Pitchford wa Chuo Kikuu cha Nottingham uliochapishwa mwaka 2015 uliwahusisha wanafunzi wa shule ya msingi jijini Lilongwe. Waliotumia programu za hisabati katika vishikwambi kwa majuma 8, kwa lugha yao, walipiga hatua kubwa kuliko wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Tafiti zilizofuata nchini humo zilionesha pia kwamba wasichana na wavulana waliotumia programu hizo walisonga mbele kwa mwendo unaolingana. Kwa mikoa ambako wasichana huachwa nyuma katika hisabati, matokeo hayo yana uzito.

Kwa upande wa ubunifu wa ndani, taasisi ya Ubongo iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013 imethibitisha kwamba hisabati na sayansi vinaweza kufundishwa kwa katuni, nyimbo na visa vilivyotungwa na Watanzania wenyewe. Kipindi cha Ubongo Kids kilianza kurushwa mwaka 2014. Ujuzi wa kutunga visa hivyo kwa Kiswahili chenye mvuto ndio unaohitajika pia katika kutunga michezo ya kupima fikra.

Mazingira ya Kilwa na pwani ya Lindi

Mkoa wa Lindi una zaidi ya wakazi milioni 1.1 kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Ukanda wake wa pwani unaanzia Wilaya ya Kilwa upande wa kaskazini, unapita Mchinga na Lindi Mjini hadi Sudi upande wa kusini. Wakazi wake huishi kwa uvuvi, kilimo cha ufuta, korosho na minazi. Kisiwa cha Songosongo kimekuwa kikizalisha gesi asilia inayosafirishwa hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yanashuhudia kwamba pwani hii iliwahi kuwa na wajenzi, wahasibu na manahodha waliofanya biashara na nchi za mbali, na masultani waliofua sarafu zao wenyewe.

Mazingira hayo yana mambo matatu yanayogusa moja kwa moja matumizi ya michezo ya kompyuta shuleni.

La kwanza ni mawasiliano. Mwezi Mei 2024, mvua kubwa na Kimbunga Hidaya viliharibu barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi na kukata usafiri katika maeneo ya Kilwa. Tarehe 12 ya mwezi huohuo, hitilafu katika nyaya za chini ya bahari ilizorotesha intaneti Tanzania na nchi jirani. Mchezo wa elimu unaotegemea mtandao wakati wote ungesimama. Michezo inayofaa kwa pwani hii ni ile inayokaa ndani ya kishikwambi au katika seva ndogo ya shule, ikafanya kazi bila intaneti, na kupeleka kumbukumbu zake pale mtandao unapopatikana.

La pili ni vifaa. Baada ya Sensa ya mwaka 2022, Serikali ilielekeza vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vigawiwe kwa walimu ili visaidie kazi ya kufundisha. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) umekuwa ukipeleka kompyuta katika shule za umma na kuwapatia walimu mafunzo, na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umeendelea kufikisha umeme vijijini. Vifaa hivyo havitoshi kumpa kila mtoto chake. Kwa ajili ya kutambua vipawa, hata hivyo, kila mtoto hahitaji kuwa na kifaa chake. Kishikwambi kimoja cha mwalimu, kikitumiwa kwa zamu ya dakika 20 kwa wanafunzi 3 kila siku ya masomo, huwafikia wanafunzi 60 kwa siku 20.

La tatu ni lugha na mazoea. Katika vijiji vya Kilwa na Lindi husikika Kimatumbi, Kingindo, Kimachinga na Kimwera pamoja na Kiswahili. Mchezo unaoeleza kanuni zake kwa sentensi ndefu hupima usomaji kabla ya kupima fikra. Mchezo unaoeleza kwa picha, sauti na mfano mmoja wa kutazama humpa kila mtoto mwanzo ulio sawa. Vivyo hivyo, picha ziwe za vitu anavyovijua mtoto: ngalawa, dema, korosho, ufuta, maji kupwa na maji kujaa.

Mkoa wa Lindi pia una kumbukumbu ya kushirikisha jamii katika elimu ya awali. Ulikuwa miongoni mwa mikoa ya Mpango wa Kuinua Ubora wa Elimu (EQUIP-T) uliotekelezwa kuanzia mwaka 2014 hadi 2020, ambao uliwatumia wasaidizi kutoka jamii kuwaandaa watoto kuanza shule katika vijiji vilivyo mbali na madarasa ya awali. Watu wa aina hiyo, wanaoaminika kijijini na wanaozijua familia, ndio wanaofaa kusimamia kona ya michezo ya elimu chini ya uangalizi wa mwalimu.

Kutoka kutambua hadi kuendeleza

Kumtambua mtoto bila kumpa kitu cha kufanya ni sawa na kuona maji na kuendelea kulala na kiu. Mchezo ukishaonesha kwamba mwanafunzi wa Darasa la Tatu anatatua mafumbo ya Darasa la Sita, shule inapaswa kuwa na hatua inayofuata. Hatua hizo zinaweza kupangwa katika ngazi nne.

Ngazi ya kwanza ni darasani. Mwalimu humwongezea mwanafunzi kina badala ya wingi wa kazi. Mtoto aliyemaliza mazoezi 10 ya kuzidisha hanufaiki kwa kupewa mengine 20 ya aina ileile. Hunufaika kwa kuulizwa kwa nini kanuni hiyo inafanya kazi, au kutunga fumbo litakalowashinda wenzake.

Ngazi ya pili ni klabu ya shule. Hapa wanafunzi huvuka kutoka kucheza michezo hadi kuitengeneza. Programu ya Scratch, iliyotolewa na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) mwaka 2007, hupatikana bila malipo, ina toleo linalofanya kazi bila intaneti, na inaweza kutumika kwa Kiswahili. Mwanafunzi hupanga amri kama matofali ya rangi na kuona kinachotokea. Klabu ya Kilwa Masoko inaweza kutunga mchezo wa nahodha anayesubiri maji ya bamvua ili aingie bandarini; klabu ya Kivinje inaweza kuipa kompyuta kanuni za bao. Anayejaribu kuifundisha kompyuta kucheza bao hugundua haraka kiasi cha hesabu ambacho wazee wake hubeba kichwani.

Ngazi ya tatu ni kata na wilaya. Wanafunzi waliotambuliwa katika shule mbalimbali wakikutanishwa mara chache kwa mwaka, katika kituo cha walimu au shule yenye maabara ya kompyuta, hupata wenzao wa kushindana na kushauriana nao. Mtoto mwenye kipawa aliye peke yake kijijini mara nyingi hujificha ili afanane na wengine. Akikutana na wenzake hupata sababu ya kujitokeza.

Ngazi ya nne ni taifa. Shule za vipaji maalumu, shule mpya za sekondari za wasichana za mikoa zinazotilia mkazo sayansi, na ufadhili wa Samia Scholarship kwa wahitimu bora wa Kidato cha Sita wanaosomea sayansi katika vyuo vikuu ni fursa ambazo tayari zipo. Kinachoweza kuongezwa na upimaji wa mapema ni idadi ya watoto wa pwani ya Lindi wanaofika kwenye fursa hizo wakiwa wameandaliwa.

Tahadhari zinazostahili

Wapo wazazi wanaosikia neno "gemu" na kukumbuka vibanda vya mitaani ambako watoto hupoteza muda na fedha, au mashine za kubahatisha. Hofu hiyo ina msingi. Michezo ya kubahatisha kwa sheria za nchi hairuhusiwi kwa walio chini ya umri wa miaka 18, na haina uhusiano wowote na michezo ya elimu. Mwaka 2022 ulianza kutumika mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unaoutambua uraibu wa michezo ya kompyuta kuwa tatizo la kiafya. Kwa sababu hiyo michezo ya shuleni iwe na muda maalumu, isiwe na matangazo wala ununuzi, na ichezwe mbele ya mwalimu.

Tahadhari ya pili inahusu matarajio. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 kuhusu michezo inayodai kunoa ubongo yalionesha kwamba wachezaji huwa hodari katika michezo yenyewe, na ushahidi wa manufaa katika maisha ya kila siku ni mdogo. Mchezo hautengenezi kipawa. Unaweza kukionesha, na kwa msaada wa mwalimu unaweza kuwa mwanzo wa kukilea.

Tahadhari ya tatu ni hatari ya kumkosea mtoto. Aliyezoea simu ya mzazi atakigusa kioo kwa kujiamini. Aliyekiona kishikwambi kwa mara ya kwanza atasitasita. Tofauti hiyo ya mazoea ikichukuliwa kuwa tofauti ya akili, kipimo kilicholetwa ili kumwona mtoto maskini kitakuwa kimemfunika mara ya pili. Ndiyo maana majuma ya mwanzo yanapaswa kuwa ya mazoezi tu, matokeo yake yasihesabiwe, na mtoto apewe nafasi ya kurudia kila muhula. Matokeo ya mchezo yatumike kumwongeza mtoto kwenye orodha, yasitumike kamwe kumwondoa. Wanafunzi wenye uoni hafifu au ulemavu wa viungo waandaliwe michezo ya sauti au vifaa wanavyoweza kuvitumia.

Tahadhari ya nne ni usiri. Kumbukumbu za namna mtoto anavyofikiri na kukosea ni taarifa zake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Shule na watengenezaji wa programu wanawajibika kupata ridhaa ya wazazi, kukusanya kile kinachohitajika tu, na kutokitumia kwa biashara.

Wajibu wa mwalimu, mzazi na jamii

Mchezo bora wa kompyuta bado ni chombo mikononi mwa mwalimu. Kifaa kinaweza kueleza kwamba mwanafunzi fulani alijaribu mara 14 kabla ya kufaulu. Mwalimu ndiye anayejua kama majaribio hayo yalikuwa ya ubishi wa kitafiti au ya kubahatisha, na kama siku hiyo mtoto alikuwa amekula. Kwa hiyo mafunzo kazini kwa walimu, hasa kuhusu kuzisoma kumbukumbu za michezo na kuwalea wanafunzi waliotambuliwa, yanapaswa kutangulia ununuzi wa vifaa vipya.

Mitaala iliyoboreshwa iliyoanza kutumika mwaka 2024 na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, inatilia mkazo ujuzi, ubunifu na fikra tunduizi. Halmashauri za pwani ya Lindi zinaweza kuanza kwa kiwango kidogo: shule chache za visiwani na za bara, vishikwambi vilivyopo, michezo huria ya Kiswahili iliyokwisha kujaribiwa nchini, na daftari moja la mwalimu la kuandika majina ya watoto walioonesha jambo lisilo la kawaida. Kamati za shule zikishirikishwa tangu mwanzo, wazazi watajua mtoto anacheza nini na kwa sababu gani, na wazee wanaojua bao wanaweza kualikwa shuleni kuufundisha mchezo huo sambamba na ule wa kwenye kioo.

Mtoto anayesoma Darasa la Tatu leo katika kisiwa cha Songosongo ana miaka kadhaa mbele yake kabla ya mtihani wa taifa. Miaka hiyo inatosha kugundua namna anavyofikiri, kumpatia mafumbo yanayomstahili na kumwandaa kwa shule atakazozifikia. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kazi hiyo inaweza kuanza katika muhula huu kwa kishikwambi kilichopo katika meza ya mwalimu.